Hospitali iliyojengwa kwa miguu

Alfajiri ya Rubongi huanza na nyayo. Kabla Mwamba wa Tororo haujajitoa kwenye ukungu, wanajeshi wa kambini hutoka kwa mchakamchaka, buti zikipiga barabara kwa pamoja, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Nyimbo nyingi ni za Kiswahili. Lugha hii iliingia huku kwetu Padhola, mashariki ya Uganda, ikiwa imevaa gwanda, na wapo wazee ambao mpaka leo wakiisikia alfajiri hufunga mlango kwanza, ndipo waulize kuna nini. Watoto hawana kumbukumbu hiyo. Wao hutoka mbio na kuwafuata askari pembeni ya barabara, peku, wakiitikia wimbo ambao hata maneno yake hawayajui, mpaka kwenye kona. Hapo hugeuka kurudi nyumbani kuchukua madumu ya maji.

Agosti mwaka 2025 nilisimama kando ya barabara hiyo na shangazi yangu, tukingoja bodaboda za kutupeleka Malaba. Mgongoni alimbeba mjukuu wake wa miaka 4, mwenye ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama tunavyouita wengi. Tulikuwa tunampeleka kliniki Eldoret. Askari walipotupita, shangazi aliwatazama mpaka wakapotea, kisha akaniuliza:

“Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti. Ile hospitali ya watoto ya Eldoret, ni kweli ilijengwa na watu wa mbio?”

Nikamwambia ni kweli, shangazi. Akataka kujua walikimbia kutoka wapi kwenda wapi, nani aliwalipa, na kukimbia kunageukaje kuwa matofali na vitanda. Majibu niliyompa pale barabarani hayakumtosha, na mimi mwenyewe hayakunitosha. Mwezi huohuo hospitali ilikuwa inatimiza miaka 10 tangu kufunguliwa, na sisi tuliovuka mpaka mara kwa mara kuwapeleka watoto wetu pale tulikuwa hatujawahi kuuliza ilitoka wapi. Jina lake lenyewe lilipaswa kutushtua. Inaitwa Shoe4Africa, yaani kiatu kwa ajili ya Afrika. Hospitali gani hupewa jina la kiatu?

Kumchangia mgonjwa si jambo geni kwetu. Upande wa Kenya, Jomo Kenyatta aliligeuza neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na kwa miongo mingi shule, zahanati na karo za watoto zilitegemea ile kadi ya mchango inayozungushwa kwenye bahasha ya kaki. Daniel arap Moi alipoingia madarakani na kauli yake ya kufuata nyayo, michango ikajenga hata wadi katika hospitali za wilaya. Wazee wa Busia na Bungoma wanazikumbuka bado kwa jina hilo, wadi za Nyayo. Nyayo zile zilikuwa za kisiasa. Hakuna aliyekimbia. Lakini wazo la watu wengi kutoa kidogo kidogo mpaka ukuta ukasimama lilikuwa tayari limezama katika damu ya watu wa huku.

Kukimbia kwa ajili ya mgonjwa kulitoka mbali. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, aliamua kuivuka nchi yake mbio, mguu mmoja wake na mwingine wa bandia. Kilichomsukuma, alisema, ni mateso aliyoyaona wadini alipokuwa akitibiwa, na baadhi ya wagonjwa wale walikuwa watoto. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, karibu marathoni nzima kila siku, mpaka saratani ilipoingia mapafuni na kumsimamisha karibu na mji wa Thunder Bay. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22. Mwaka huohuo wa 1981 London Marathon ilikimbiwa kwa mara ya kwanza, na baada ya muda mashirika ya hisani yakajifunza kwamba mtu anayejitesa kilomita 42 huwalainisha mioyo jirani zake kuliko barua yoyote ya kuomba msaada.

Afrika iliingia katika simulizi hii Mei 1986, na iliingia kwa miguu ya Msudani. Omar Khalifa, mkimbiaji wa mita 1,500, aliwasha mwenge katika kambi ya waliokimbia njaa nchini Sudan, akaupitisha Ulaya na kuufikisha New York kwenye Umoja wa Mataifa tarehe 25 Mei. Saa hiyo mamilioni ya watu katika nchi zaidi ya 80 walianza kukimbia kwa pamoja, kuchangia watoto wa Afrika waliokuwa wakifa njaa. Uganda wakati huo ilikuwa haijamaliza hata miezi minne tangu vita vya kuiteka Kampala. Huku Tororo watu walikuwa wanakimbia bado, ila hapakuwa na namba kifuani wala mtu wa kuwashangilia.

Nairobi ndiyo iliyozifanya mbio za hisani kuwa jambo la familia. Katika miaka ya 1990 Hospitali ya Mater, iliyofunguliwa mwaka 1962 na masista wa Mercy kutoka Ayalandi, ilianzisha mbio za kila mwaka za kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto wa maskini. Wapo wanaozaliwa na tundu moyoni. Wapo pia, na hawa ndio wanaoniumiza zaidi, wanaoanza na koo tu: mtoto anaumwa koo, koo halitibiwi, mwili unapopigana na vijidudu unageuka kuushambulia moyo wake wenyewe, vali zinaharibika. Dawa ya koo ni ya bei ya soda. Upasuaji wa vali ni bei ya shamba. Fulana ya Mater ndiyo ilikuwa tiketi: ukinunua fulana umechangia, ukifika Uwanja wa Nyayo na watoto wako mkatembea badala ya kukimbia, hakuna wa kukuuliza. Mbio hizo zikasambaa mpaka miji mingine. Nyumba nyingi za Kenya zina fulana hizo kabatini, moja juu ya nyingine.

Lakini tulikuwa tunaelekea Eldoret, na safari ya Eldoret inapitia Zanzibar.

Toby Tanser alikuwa mkimbiaji wa kulipwa kutoka Ulaya. Mwaka 1995 alifika Kenya kwa sababu ileile inayowaleta wengi: alitaka kujua kwa nini anashindwa na watu wa nyanda za juu. Alifanya mazoezi nao, akala ugali nao, na mwaka 1997 akachapisha kitabu juu yao, “Train Hard, Win Easy”. Nimeifuata zaidi simulizi yake mwenyewe, jinsi alivyoieleza kwa miaka mingi, na ndani yake kitu kimoja kinajirudia kuliko vyote, nacho ni kiatu. Aliwakuta vijana wenye vipaji vya kutisha wakifanya mazoezi peku au kwa viatu vilivyokwisha soli. Viatu vyake vya zamani, ambavyo kwao Ulaya vingetupwa, huku vilikuwa mali. Akaanza kuwagawia, kisha kuwaomba wakimbiaji wenzake walete vyao.

Mwaka 1999 alikuwa Zanzibar. Alikuwa akikimbia ufukweni, jambo ambalo wageni hulifanya kila siku, mchanga mgumu wa maji kupwa ukiwa chini ya miguu yao kama barabara. Watu wakamvamia kwa panga. Walitaka viatu. Wakampiga kichwani mpaka fuvu likavunjika, wakamwacha pale. Alipona kwa taabu, baada ya matibabu marefu.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi, na kila mara nimekwama palepale: kwamba mtu huyo, baada ya kupasuliwa kichwa kwa ajili ya kiatu, hakuondoka kabisa Afrika Mashariki. Angeondoka nani angemlaumu? Angeweza kusimulia kisa hicho kila mahali kama ushahidi wa ukatili wetu, na wangepatikana wengi wa kumsikiliza. Yeye alichukua somo jingine. Mahali ambapo jozi ya viatu vya mazoezi inaweza kumfanya mtu ainue panga, alijiambia, basi kiatu si kitu kidogo. Kazi ya kugawa viatu, ambayo mpaka hapo ilikuwa wema wa pembeni, ikawa ndiyo kazi ya maisha yake. Aliandaa pia mbio za wanawake na wasichana katika Bonde la Ufa, viatu vikiwa sehemu ya zawadi, na watu wakipata elimu ya Ukimwi palepale uwanjani.

Wazanzibari wawili watatu niliowahi kuzungumza nao kuhusu kisa hiki huona aibu, na huharakisha kusema kwamba wale hawakuwa watu wa pale. Sioni haja ya aibu hiyo. Wezi wako kila mahali, hata Rubongi. Ninachokiona mimi ni kwamba hospitali inayomtibu mjukuu wa shangazi yangu ilianzia kwenye ufukwe ule, katika damu ya mtu.

Na kuhusu kiatu, watu wa Busia hawahitaji kufundishwa na mgeni. Mtoto anayetembea peku huku kwetu hukaribisha funza kwenye vidole na minyoo ya safura kwenye nyayo. Minyoo hii huingia kupitia ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo uliochafuliwa, husafiri mpaka utumboni, hukaa pale ikinyonya damu. Mtoto hapigi kelele. Hupauka tu, huchoka, husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu. Kuanzia mwaka 1998 shule 75 za Budalang'i na Funyula, upande wa Busia ya Kenya, zilifuatiliwa na wachumi Michael Kremer na Edward Miguel, watoto wakipewa dawa za minyoo kwa awamu. Makala waliyoichapisha mwaka 2004 ilisema utoro ulipungua kwa robo. Wataalamu wengine waliirudia hesabu hiyo miaka kadhaa baadaye wakaipinga, ukazuka ugomvi mkubwa wa majarida, na ugomvi huo haukumzuia Kremer kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili mwaka 2019. Dunia nzima ya wachumi inaijua Busia kwa sababu ya nyayo za watoto wake. Je, ni wangapi kati yetu wanaolijua hilo?

Sasa, kukimbia kunageukaje kuwa tofali? Hili ndilo swali la shangazi, na jibu lake ni rahisi kuliko alivyodhani. Marathoni kubwa kama ya New York ina watu wengi wanaotaka kukimbia kuliko nafasi zilizopo. Waandaaji hutenga nafasi na kuyapa mashirika ya hisani. Mtu akitaka nafasi hiyo, huahidi kuchangisha kiasi fulani, mara nyingi dola 3,000 au zaidi. Halafu huwaandikia ndugu, wafanyakazi wenzake, watu wa kanisani kwake: mimi nitakimbia kilomita 42, nyinyi toeni. Ni harambee ileile ya bahasha ya kaki, isipokuwa mwenye kadi anatoka jasho kwanza. Tanser, ambaye kwa wakati huo alikuwa kocha New York, aliwakusanya wakimbiaji wa namna hiyo mwaka baada ya mwaka, ili shirika lake la viatu lijenge hospitali ya watoto. Mmoja wao alikuwa Anthony Edwards, mwigizaji aliyejulikana duniani kwa kuigiza daktari katika tamthilia ya “ER”. Daktari wa televisheni alikimbia marathoni ili madaktari wa kweli wapate mahali pa kufanyia kazi.

Mahali palipochaguliwa ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret. Ilianza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikiwa hospitali ndogo ya Waafrika yenye vitanda 60, ikakua na mji, ikawa ya mafunzo baada ya Chuo Kikuu cha Moi kuanzisha shule ya udaktari, na leo inapokea wagonjwa wa magharibi yote ya Kenya pamoja na wa mashariki ya Uganda. Wakimbiaji wa nyanda za juu walikuwa na sababu ya kuutaka mji huo. Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa 1968 na 1972, alikuwa ameshawalea mayatima wengi nyumbani kwake Eldoret muda mrefu kabla mbio za hisani hazijawa na jina. Mguu uliotoka kwenye umaskini kurudi kumshika mtoto mkono, hilo kule si habari mpya.

Hospitali ya watoto ilifunguliwa Agosti 2015 ikiwa na vitanda zaidi ya 100, na inatajwa kuwa hospitali ya kwanza ya umma ya watoto katika Afrika Mashariki na Kati. Neno “umma” lina uzito. Nairobi ilikuwa na hospitali ya watoto tangu mwaka 1947, Gertrude's, iliyotokana na zawadi ya mlowezi Ewart Grogan kwa kumbukumbu ya mkewe. Grogan alisifika kwa kutembea kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Cairo ili apewe mkono wa binti huyo. Ni mtu huyohuyo aliyewachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Mguu uliotembea bara zima, na mkono uliochapa watu. Naiheshimu kazi ambayo hospitali yake imewafanyia watoto, lakini nikipewa nafasi ya kuchagua asili ya hospitali, nitachagua ile ya viatu vikuukuu na fulana zilizolowa jasho la watu wasiojuana.

Miaka iliyofuata mbio zimekuwa nyingi kiasi kwamba mtu hawezi kuzifuatilia zote. Margaret Kenyatta, mke wa rais wa Kenya wa wakati huo, alikuwa ameshaanzisha Beyond Zero mwaka 2014 kwa ajili ya afya ya mama na mtoto, na mwaka huo akamaliza London Marathon kwa zaidi ya saa 7, polepole kuliko karibu kila mtu, na akamaliza. Kampala ina mbio za Rotary za saratani tangu 2012, zilizoelekezwa Hospitali ya Nsambya. Dar es Salaam, benki ya CRDB ilianza marathoni yake mwaka 2020 kuchangia upasuaji wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Dodoma, Mombasa, Kisumu, kila mji una fulana yake.

Tororo haina. Busia zote mbili hazina mbio kubwa za kuwachangia watoto wagonjwa. Na hapa nitasema lililo moyoni mwangu.

Sisi wa mpakani ndio tunaostahili kuwa mbele katika jambo hili, kwa sababu magonjwa ya watoto yamejaa huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipima mbu wa wilaya ya Tororo, wakakuta mtu mmoja anaumwa na mbu wenye vimelea vya malaria wastani wa mara 562 kwa mwaka. Ni zaidi ya mara moja kila usiku. Vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani vimeshusha idadi hiyo sana, lakini karne nyingi za malaria zimeacha alama katika damu yetu. Mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha sikoseli hujikinga kwa kiasi na malaria kali, ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea palipo na mbu; utafiti wa kitaifa wa Uganda uliopima damu za watoto karibu 100,000 mwaka 2014 na 2015 uliwakuta nacho asilimia 13.3. Wazazi wawili wenye kinasaba hicho wakioana bila kujua, mmoja kati ya kila watoto wanne huweza kurithi vyote viwili. Huyo ndiye mjukuu wa shangazi.

Uvimbe wa taya nao umefuata ukanda huohuo wa malaria. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliueleza mwaka 1958. Mwaka 1961 alipakia gari kuukuu, yeye na wenzake wawili, wakazunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki 10, karibu kilomita 16,000, hospitali baada ya hospitali, wakionyesha picha na kuuliza: mmewaona watoto wa namna hii? Ramani waliyoichora ilifuata joto na mvua, yaani ilimfuata mbu. Saratani hiyo, inayobeba jina lake mpaka leo, ni ya watoto, na huitikia dawa upesi mtoto akiwahishwa. Shirika la Tanser limekuwa likichangisha tena kwa ajili ya hospitali ya saratani ya watoto hapohapo Eldoret. Wakimbiaji wa New York wanatoka jasho kwa ugonjwa ambao ramani yake ilichorwa kwetu.

Sisemi kwamba mbio zichukue nafasi ya serikali. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja Aprili 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ahadi hiyo haijatimia Kampala wala Nairobi. Hakuna fulana itakayoifuta. Shangazi alizunguka na mtoto huyu karibu mwaka mzima. Kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, kilimwandikia dawa za malaria mara tatu, vidole vya mtoto vikiwa vimevimba kama ndizi ndogo, bila mtu yeyote kufikiria kuipima damu kwa sikoseli. Kosa hilo halirekebishwi kwa kukimbia. Linarekebishwa kwa kipimo, na kwa muuguzi aliyefundishwa na asiyechoka.

Nasema hivi tu: tunao mji wenye kambi ambayo watu wake hukimbia kila siku ya Mungu, bure, kabla jua halijachomoza. Tunao upande wa pili wa Elgon watu kama Stephen Kiprotich wa Kapchorwa, aliyeipa Uganda dhahabu ya marathoni London mwaka 2012. Kiprotich utotoni alikosa shule miaka mitatu kwa ugonjwa ambao haukutambuliwa. Mtoto mgonjwa wa mashariki ya Uganda, asiyejulikana anaumwa nini, alikuja kuwashinda Wakenya kwenye barabara za London. Ningekuwa na uwezo, ningelisimulia hilo katika kila wadi ya watoto kuanzia Busolwe mpaka Kapchorwa.

Wapo watakaosema Mbale inatosha. Kweli, hospitali ya CURE pale Mbale, mwendo wa saa moja tu kutoka Tororo, imewafanyia watoto wenye maji kichwani kazi ambayo madaktari wa dunia huja kujifunza, na Entebbe imepata hospitali ya upasuaji wa watoto tangu 2021. Lakini mtoto hachagui ugonjwa kwa kufuata ubao wa mlangoni. Sikoseli haihitaji kisu, inahitaji kliniki ya kila mwezi kwa miaka. Ndiyo maana tulikuwa kwenye matatu, tukipita Bungoma na Webuye, baridi ikizidi kila tulipopanda, shangazi akimvuta mtoto chini ya khanga kwa sababu baridi humwamshia maumivu ya mifupa.

Njiani nilimsimulia yote haya. Alinyamaza kwenye habari za Zanzibar, akauliza kama mtu yule alirudishiwa viatu vyake. Nikamwambia sijasikia kwamba alirudishiwa.

Kliniki tuliingia saa nne, tukatoka saa tisa. Korido ilikuwa na michoro ukutani na mama wengi, na lugha nilizozisikia kwenye benchi moja zilikuwa Kibukusu, Kiteso, Kikalenjin na Kidhopadhola chetu. Mtoto alipimwa damu, akaandikiwa dawa na tarehe ya kurudi kwenye kadi. Jioni tulipofika Malaba, kabla ya kuvuka, shangazi alisimama kwa muuza mitumba aliyetandika viatu vya watoto kwenye turubai. Alivigeuza, akavipinda soli, akanusa ndani, akabishana bei mpaka muuzaji akachoka. Alichagua jozi ya bluu iliyomzidi mtoto kwa vidole viwili. Nikamwambia, shangazi, vikubwa hivi.

“Viache,” akasema, akimvisha palepale juu ya turubai. “Vitamtosha mwakani.”